Nyongo Tatu za Bibi Vumilia

Watu waliomfahamu Bibi Vumilia Kiyeyeu wasingeshangaa kuambiwa kwamba ana nyongo tatu. Wengine wangeuliza kama mashine imezihesabu zote. Lakini Enesia alikuwa mke wa mwanawe, na tena ndiye mchora kingo wa hospitali ya mlimani pale Iringa, anayechora mipaka ya viungo kwenye picha za wagonjwa, na mchora kingo hana ruhusa ya kucheka mbele ya skrini mpaka ahesabu upya.

Akahesabu upya. Nyongo ya kwanza ilikuwa kijifuko kama papai changa, kimening'inia chini ya ini, na ndani yake kijiwe kidogo kama punje ya ulezi. Akasogeza picha chache mbele. Nyongo ya pili hiyo hapo, na kijiwe kilekile. Akasogeza tena. Ya tatu.

"Tuzo," alimnong'oneza mtoto aliyembeba mgongoni, "bibi yako ni ghala."

Tuzo, aliyekuwa ameota meno mawili, aliendelea kuyafanyia mazoezi kwenye ukosi wa koti la kazi la mama yake.

Picha zile zilipigwa Enesia akiwa likizo ya uzazi, nyumbani, analishwa uji wa ulezi na Bibi Vumilia huyohuyo. Kwa hiyo hesabu ilifanywa na mashine peke yake. Mashine yenyewe iliitwa Pishi, na kazi yake ilikuwa kupima ujazo wa viungo vya ndani: ini, figo, bandama, chochote unachomwonyesha. Pishi alisema ini la Bibi Vumilia, pamoja na nafasi linamokaa, ni mililita 1,480. Namba hiyo ikapelekwa Bustani ya Viungo, Mafinga, ambako katikati ya misonobari huotesha maini ndani ya matangi ya kioo kama wengine wanavyootesha miche kwenye vitalu. Ini la Mafinga halina kundi la damu wala ukoo, mwili wowote hulipokea. Limebakiwa na sharti moja tu: litoshe.

Na la Bibi Vumilia lilikuwa limefika asubuhi hiyo, zima, jekundu la kuiva, ndani ya sanduku la joto. Sanduku lilipofunguliwa lilisema, "Shikamoo, daktari." Daktari Nyagawa hajafika hata arobaini, ingawa mvi zimemwahi, na tangu hapo alikuwa amenuna.

Aliingia bado amenuna. "Mama Tuzo, kingo tayari? Kesho asubuhi nafungua tumbo."

"Daktari, mgonjwa huyu ana nyongo tatu."

"Si mama mkwe wako huyu?"

"Ndiye."

"Basi ya nyumbani yaache nyumbani."

"Njoo uone."

Daktari akaja akaona. Uso wake ulinyooka kwanza kwa mshangao, halafu ukakunjamana kwa jambo jingine. Hakuna aliyehitaji kumweleza, ila Enesia alimweleza hivyohivyo, kwa sababu alikuwa amejifunza kazi hii kwenye masomo ya jioni, na mwalimu wao wa jioni alikuwa na mazoea ya kufundisha kila kitu kwa mkate.

Kupima ujazo wa ini, alisema mwalimu yule, ni kukata boflo vipande vyembamba bila kisu. Mashine inakupigia picha ya kila kipande. Wewe unachora mstari kuzunguka ini kwenye kila picha, unapata eneo, unazidisha kwa unene wa kipande, unajumlisha vyote. Ujazo huo hapo. Lakini boflo lazima litulie. Ini limelala chini ya kiwambo, ule msuli unaosukuma mapafu, na mtu akipumua, ini linapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ashike pumzi. Akiiachia katikati, kipande kilichokwisha kukatwa kinarudi chini ya kisu, kinakatwa tena, kinahesabiwa tena. Boflo moja linakuwa boflo na nusu, na nyongo moja inazaa wenzake.

"Kwa nini aliachia pumzi?" aliuliza Daktari Nyagawa. "Mwalimu mkuu mstaafu, anaelewa amri."

Pishi huhifadhi sauti za chumba pamoja na picha. Enesia akabonyeza.

"Shikamoo, bibi," ilisema sauti ya Pishi, laini kama ya mtoto aliyelelewa akaleleka. "Tafadhali vuta pumzi, uishike."

"Marahaba, mwanangu." Pumzi ikasikika ikiingia.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali endelea kuishika."

"Marahaba, baba. Hujambo? Umeshindaje?"

"Shikamoo, bibi. Tafadhali usiongee."

"Marahaba! Sasa nisipoongea nitakujibuje, mwanangu?"

Iliendelea hivyo mpaka mwisho. Daktari Nyagawa akaketi juu ya kiti ambacho hakikuwepo, akadakwa na meza.

Tuseme kweli, mwenye kulaumiwa kwa haya hakuwa mbali. Sheria ya Adabu za Mitambo ilisukumwa na Bibi Vumilia mwenyewe mpaka ikapita, baada ya siku ile geti la stendi lilipomwambia "Pita haraka" mbele ya watu aliowafundisha kusoma. Alizunguka mikoa na mikoa akiuliza swali moja: "Hivi hizi bati hazina wazazi?" Tangu hapo, mtambo wowote wenye sauti, ukiona mvi, unaamkia kwanza ndipo uombe jambo. Unaamkia kabla ya kila ombi, si mara moja. Tena unangoja marahaba. Usipojibiwa, unaamkia upya kwa sauti kubwa zaidi. Mfumo huo umetiwa lakiri, yaani muhuri, na lakiri ikiguswa, mtambo unajizima.

"Inabidi apimwe upya leo," alisema Daktari. "Ini lililotolewa kwenye tangi halikai. Na nafasi yake ikiwa ndogo kuliko ini, Mama Tuzo, tumbo halitafungika. Nikilifunga kwa nguvu, mishipa inabanwa. Linakufa ndani yake, naye analifuata."

"Huwezi kulipunguza?"

"Moja ya tano, basi. Zaidi ya hapo nikilikata halibaki hai." Akajifuta uso. "Likimpita zaidi ya hapo, sheria inasema liende kwa anayefuata ambaye linamtosha."

"Nani anayefuata?"

"Mzee Ngonyani. Kitanda cha jirani yake. Lake bado linaota Mafinga, na mzee mwenyewe amekuwa wa manjano kama bizari. Hataweza kulingoja."

"Na mama?"

"Tunapanda upya. Miezi saba."

Daktari hakusema kama Bibi Vumilia alikuwa na miezi saba. Alimshika Tuzo kidole cha mguu, akakitikisa kama anayeaga, akatoka.

*

Wodini kulikuwa na vita. Pazia lililowatenga Bibi Vumilia na Mzee Osmundi Ngonyani lilikuwa limefunguliwa kwa makubaliano ya pande zote mbili, ili kila upande umwone adui vizuri. Mmoja Mhehe, mmoja Mngoni. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na wajukuu wakarithi utani, ambao ni vita isiyokuwa na chakula cha kubeba.

"Mngoni," Bibi alikuwa akisema, "kikohozi chako kinanikosesha usingizi. Kufa au pona, chagua kimoja."

"Nakungoja wewe utangulie, Mhehe. Kwenu mmezoea kutangulia, hasa mkiwa mnakimbia."

Enesia akapiga goti, akamwamkia mama mkwe wake, akamwamkia mzee, kisha akaeleza. Alieleza yote, na habari ya anayefuata pia, kwa sababu hakujua namna ya kuificha huku mwenyewe amelala pale anasikiliza.

Bibi Vumilia aligeuza kichwa kumtazama. Uso wake mdogo ulikuwa umezama kwenye mto.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuitikia salamu."

"Si kosa lako, mama."

"Mtoto anakuamkia, unamkaushia. Mimi? Ukimnyima mtoto marahaba umemnyima baraka."

"Mama, ile ni mashine."

"Na bado inaniamkia kabla ya kuniomba kitu. Nyumbani kwangu wapo wanaoniamkia wameshafunua sufuria."

Enesia alimjua anayesemwa, na sufuria aliikumbuka. Mzee Ngonyani alicheka mpaka kikohozi kikamfukuzia cheko lake ukutani.

"Mimi hilo dude halikunisumbua," alisema alipopata hewa. "Sikuliitikia hata mara moja. Sijazaa bati."

Enesia akageuka. "Babu, na likaendelea kupima?"

"Likaniamkia, likaniamkia, mwishowe likapaza sauti kama mnadi wa mitumba. Mke wangu alikuwa amekaa kule nyuma ya kioo. Akachoka. Likisema shikamoo, anaitika yeye. Likaridhika."

Enesia hakusikia tena kikohozi wala wodi. Pishi alitaka marahaba. Hakuuliza imetoka kinywa gani.

"Mama," alisema polepole, "mtu mwingine akiitika kwa niaba yako, wewe ukashika pumzi, mtoto atakuwa amenyimwa baraka?"

Bibi Vumilia aliwaza. Alikuwa mtu wa haki, hata pale haki ilipomchosha. "Nikiwa mgonjwa, ndugu anaweza kunipokelea. Ila awe mtu mzima. Wewe hapana. Ukiitika shikamoo kwa umri huo utaota ndevu."

Daktari Nyagawa, aliyekuwa mlangoni, akaona macho ya Enesia yanamjia. "Usinitazame," alisema. "Nimeshaamkiwa na sanduku leo."

Mke wa Mzee Ngonyani alikuwa amekwenda Songea kufuata nguo. Macho ya wote yakaenda mahali pamoja.

"Mngoni!" Bibi Vumilia akajiinua kwenye mto. "Mngoni apokee salamu zangu? Aivae heshima yangu?"

"Nitakutunzia," alisema Mzee Ngonyani. "Ukitoka nakurudishia itakayokuwa imebaki."

Kisha utani ukapungua usoni mwake, kama taa inavyopungua. Akamtazama Enesia. "Mjukuu wangu, umesema likimzidi huyu, mimi ndiye nafuata. Sasa mimi niende nikasaidie kipimo kitakachomnyang'anya?"

Bibi Vumilia akamvuta Enesia kwa ncha ya koti. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya paredi.

"Nikilikosa hili, jingine lini?"

"Miezi saba, mama."

"Aa." Aliviangalia viganja vyake vya manjano. Halafu akainua shingo, ikarudi sauti ya paredi. "Mngoni, panda kigari. Na ole wako uitike bila adabu."

*

Jaribio la kwanza liliharibika. Mzee Ngonyani alikuwa kwenye kigari nyuma ya kioo, blanketi mabegani kama hakimu. Bibi Vumilia alikuwa amelala ndani ya Pishi, pumzi ameishika, mashavu yamevimba.

"Shikamoo, bibi," alisema Pishi. "Tafadhali endelea kuishika."

"Marahaba," alisema Mzee Ngonyani kwa sauti nzito.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali endelea kuishika."

"Marahaba, mjukuu. Mwambie huyo aliyelala humo arudishe ng'ombe wetu."

Tumbo la Bibi Vumilia likatikisika kama uji unaotokota. Kwenye skrini ini lilipanda, likashuka, likapanda. Enesia akazima.

"Babu!"

"Imenitoka," alisema Mzee Ngonyani, na ikaonekana kweli imemtoka, kwa sababu alijishika mdomo kwa mikono miwili. "Mtani ni kama chafya, mjukuu wangu. Hupangi."

"Mkianza tena, mashine ikipima vibaya, hatutajua. Sisi tutadhani tumejua. Tutamfungua mama tumbo kwa namba ya kicheko."

Mzee akaishusha mikono. Alitazama kupitia kioo, miguu ya Bibi Vumilia iliyotokeza, soksi moja imetoboka kidole gumba. Kwa mara ya kwanza tangu alazwe, hakusema kitu juu ya soksi.

Jaribio la pili alipokea salamu zote. Aliitwa bibi tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mara akaitika marahaba kama anayeweka jiwe juu ya jiwe. Ndani ya Pishi, Bibi Vumilia hakutikisika. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho, na mpaka leo hajasema kama ni ya kucheka.

*

Mashine hupiga picha. Mstari wa mwisho huchorwa na mtu, na mtu huyo alikuwa Enesia. Alimlaza Tuzo kwenye kanga chini ya meza, akafungua picha ya kwanza, akaweka kidole kwenye kioo.

Nyongo ilikuwa moja, na kijiwe kimoja. Ini lilikuwa dogo. Alijua kwa jicho kabla ya kuchora, kama mama anavyojua viatu havimtoshi mtoto akiwa bado dukani.

Wasiofanya kazi hii hudhani ukingo wa ini ni uzi. Sivyo. Kwenye picha ukingo ni utusitusi, kama mwisho wa kivuli jua linapotua. Ukipitisha mstari katikati ya utusi ule, umesema kweli. Ukiupitisha upande wa nje, umezidisha unene wa nywele tu, na hakuna mkaguzi atakayekukamata kwa nywele. Lakini nywele ile inazunguka ini lote, na inarudiwa kwenye kila picha, na haba na haba Pishi anajaza kibaba.

Ili ini lililoletwa lipunguzwe na kumfaa Bibi Vumilia, alihitaji nafasi ya mililita 1,184. Enesia alichora picha za mwanzo katikati ya utusi, akaona namba inakoelekea. Itaishia chini. Si chini sana.

Akafuta. Akachora upande wa nje.

Namba ikapanda vizuri, bila kelele. Enesia akaendelea. Alimfikiria Bibi Vumilia akimwogesha Tuzo siku ya tatu tangu azaliwe, amekunja mikono ya gauni, akimwambia mtoto kwamba mama yake hajui kushika sabuni wala mwiko. Alimfikiria akiamka kumchemshia mama huyohuyo asiyejua mwiko maji ya kukanda mgongo. Enesia alimpenda mama mkwe wake kama mtu anavyompenda jirani mwenye mbwa mkali: humpiti bila kujiangalia miguu, lakini siku ukiugua ni yeye anayekuja. Picha baada ya picha, kidole kilizunguka. 1,190. Hiyo hapo. Ini linabaki.

Alikaa akaitazama.

Halafu akatazama mstari wenyewe. Upande wa chini ulikuwa umechukua kipande cha figo. Upande wa juu ulikuwa umekata kiwambo. Alikuwa amempa mama mkwe wake ini la kuchanganya, kama mchuzi wa mama ntilie. Na kesho kisu cha Daktari Nyagawa kingeufuata mstari ule, kwa imani, mpaka nywele ya mwisho. Angelipunguza ini liingie kwenye nafasi ambayo haipo. Uongo wa Enesia ungeingia tumboni pamoja na ini, nao ungetaka mahali pa kukaa.

Huenda tumbo lingevumilia. Watu wengi wamevumiliwa na matumbo yao. Huenda. Na kwenye kitanda cha pili mtu ambaye ini lingemtosha lote, bila kisu, angeendelea kugeuka bizari, baada ya kushinda mchana mzima akiitwa bibi ili kipimo kiwe cha kweli.

"Mungu wangu, kwa nini mama hakumpata mtani mbaya," alisema Enesia kwa sauti. Akafuta yote.

Alichora upya, katikati ya utusi, pole pole, na hakujionea huruma hata kwenye picha moja. 1,120.

Akaipeleka namba kwa Daktari. Akalia kidogo. Tuzo akaamka, akaona mwenzake analia, akamuunga mkono.

Alimnyonyesha, akambadilisha. Sweta lake halikupita kichwani. Lilikuwa sweta la manjano lililofumwa na Bibi, na juzijuzi tu lilikuwa likimpwaya mpaka magotini. Enesia alilivuta huku, akalivuta kule, mtoto akabaki amefunikwa uso, anapunga mikono. Kila nguo ya mtoto ina wiki yake. Kabla ya wiki hiyo ni kubwa, baada yake ni ndogo, na katikati pale inamkaa kama ngozi. Na kitu kinachokua hakiruki. Hupita kila kipimo, kimoja baada ya kingine, kabla ya kufika kinakokwenda.

Mikono ya Enesia ikasimama.

Ini la Mzee Ngonyani lilikuwa bado linakua.

Alipiga simu Mafinga huku Tuzo akiwa bado ndani ya sweta. Mtunza bustani alikwenda kwenye tangi, akarudi. "La Osmundi Ngonyani? Leo asubuhi mililita elfu moja na tisini. Linapanda kama hamira."

"Kesho?"

"Elfu moja mia moja na kumi, na ishirini, hapo. Linakwenda elfu moja mia tano."

"Na likichumwa kesho, litafanya kazi?"

"Dada, ini linafanya kazi tangu likiwa kama ngumi. Pale kwenye tangi linangoja ukubwa tu."

Enesia akamtoa mtoto kwenye sweta, akambusu kichwa chote, akakimbia.

*

Daktari Nyagawa alisikiliza, akapiga hesabu kwa vidole, akaanza kucheka, akaacha. "Kuna kikwazo. Kila ini lina jina la mwenyewe kwenye tangi. Na sheria inakataza mgonjwa kumwomba mgonjwa mwenzake kiungo. Inakataza hata sisi kuomba kwa niaba yake. Waliogopa watu watashinikizana."

"Hairuhusiwi kabisa?"

"Neno 'naomba' likitamkwa tu, yote mawili yanarudi Mafinga."

Walikwenda wodini hivyohivyo. Daktari aliwasomea wagonjwa namba mbili, ya nafasi ya Bibi na ya tangi la Mzee, na sheria, neno kwa neno, kisha akanyamaza kwa nguvu. Bibi Vumilia hakumtazama Daktari. Alimtazama mkwe wake.

"Mstari ulichora wewe?"

"Mimi, mama."

"Ungeweza kunipendelea?"

Goti la Enesia lilikuwa sakafuni tayari. "Ningeweza. Nilianza. Nikafuta."

Enesia alisubiri sufuria, mwiko, na sabuni, vyote kwa pamoja.

"Mwanangu Aidani alinambia ameoa msichana anayesoma usiku," alisema Bibi Vumilia hatimaye. "Nikamwuliza, anasoma nini mpaka ugali unaungua?" Akamnyooshea mkono, akamwinua kwenye sakafu. "Sasa nimejua. Simama, utapata baridi ya magoti."

Kitanda cha pili kikalia. Mzee Ngonyani alikuwa amekaa wima.

"Mhehe," alisema. "Sina haja ya kuomba kitu kwa Mhehe. Tangu lini? Hilo ini kubwa lililoletwa leo, nalichukua."

Daktari Nyagawa akatafuta kalamu mfukoni.

"Unalichukua kwa nani?" aling'aka Bibi Vumilia.

"Kwako. Mtani akichukua haulizwi. Ni fidia ya ng'ombe wetu."

"Mwizi mkubwa wewe! Ukoo mzima wezi!" Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Basi lile lako lililolowekwa Mafinga na mimi nalichukua. Dogodogo, halijashiba, la Kingoni hasa, lakini nalichukua. Na ukinidai nitakucheka mazikoni."

"Chukua! Litakufundisha ujasiri."

"Litajifunza adabu."

Daktari aliangalia dari, kama anayetafuta kifungu cha sheria kilichoandikwa huko. Hakukiona. "Hakuna aliyeomba," alisema kwa makini. "Nyote mmesikia? Hakuna aliyeomba. Niandike mmefanya nini?"

"Andika tumenyang'anyana," alisema Bibi Vumilia.

*

Sanduku la Mafinga lilifika kesho yake kabla jua halijakolea. Enesia alilipima mwenyewe ini lile dogo, halafu akampa mtoto mtu wa kushika, halafu akalipima tena. Lilikuwa 1,120 kasoro tone. Alilisindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na hapo akazuiwa, akabaki kwenye benchi na maziwa yanayomvuja.

Matumbo mawili yalifunguliwa siku ile. Daktari Nyagawa alitoka barakoa imening'inia sikio moja, akamwambia jambo moja tu: lilipofika la kufunga, hakulazimika kuvuta. Tumbo la Bibi lilijifunga lenyewe, kama mdomo wa mtu aliyemaliza kusema.

Siku ya pili Bibi Vumilia akafumbua macho. Ngozi ilikuwa imeanza kumrudi rangi yake. Enesia akainama karibu, Tuzo mgongoni, akamwamkia. Midomo ya Bibi ilikuwa mikavu, na sauti ilichelewa kuja.

"Marahaba," alisema. Kisha, "Yule mwizi amekufa?"

"Hajafa, mama. Yupo pale. Ameamka kabla yako, na ametuuliza hivyohivyo juu yako."

Bibi Vumilia akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo, akageuza kichwa upande wa pazia.

"Mwambie asithubutu," alisema. "Lile ini ni langu."